Jumapili Niliyoipumzisha Pampu

Juzi lori la mchanga lilikuja kumwaga mzigo kwa jirani yangu, na mpira wake mmoja wa mafuta ukapasuka mbele ya lango langu. Watu walirudi nyuma wakishika pua. Mimi nilisogea karibu. Mafuta ya pampu yakishapata moto yana harufu yake, nzito, yenye utamu uliochacha, na ukiisha kuivuta utotoni huwezi tena kuichanganya na ya dizeli. Dereva aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nilimjibu kwamba nacheka tu, naye akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mama mwenye heshima zake anayecheka peke yake barabarani.

Nilikuwa na miaka tisa, au karibu hapo. Tulikaa Mapendo, kwenye kiwanja cha mawe meusi ambapo hata magugu yalikataa kuota, na katikati ya kiwanja hicho lilisimama trekta la babu. Babu alikuwa ameliendesha maisha yake yote katika shamba moja la chai upande wa Bukavu. Shamba lilipofungwa alipewa trekta na mkono wa kwaheri. Alipofariki, Papa, yaani baba yangu, alilivusha ziwa kwa boti kubwa hadi Goma, na nasikia siku ile alilia zaidi ya siku ya mazishi, kwa sababu mawimbi yalikuwa makubwa na trekta halijui kuogelea.

Mama aliliona trekta lile kama mke mwenza. Alisema mwenzake anakunywa kuliko yeye, anakoroma kuliko yeye, na bado ndiye anayefutwa vumbi asubuhi. Kibaya zaidi, halikuwa na kazi. Mji mzima ulikuwa unajenga upya juu ya mawe ya volkano, kila mtu anataka mchanga na kokoto, na sisi tulikuwa na trekta pamoja na lile tela lake la kubinuka, ambalo kwetu huitwa remorki. Lakini remorki haikubinuka tena. Nguvu ya kuinua, ile inayotoka nyuma ya trekta, ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa. Mzigo ulishushwa kwa koleo, nusu siku nzima, na wateja wakaishia kwa wenye malori yanayojimwaga yenyewe.

Basi Mama akaweka sharti. Sikukuu ya somo wa parokia ilikuwa inakaribia. Kama remorki itainuka kabla ya siku hiyo, kwaya yake ya akina mama itapanda humo kwenda kanisani, na trekta litabaki. Kama haitainuka, wataitwa watu wa vyuma chakavu, wale wanaopita na nyundo mitaani wakinunua kila kitu kuanzia sufuria hadi milango ya makaburi. Papa alikubali. Mama alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ile, na akisema jambo kwa sauti ya kwanza sisi wengine hatukuwa na la kufanya ila kuitikia.

Papa akaenda Katindo kumwita fundi Ramazani. Huyu alikuwa mtu wa Maniema, mwana wa dereva na mjukuu wa dereva, mwenye kofia ya kufuma na upole wa kutisha. Alilizunguka trekta mara mbili. Alipiga magoti nyuma yake, akasikitika. Alikwenda mbele, akachungulia chini ya rejeta, na uso ukamng'aa.

“Papa Nzigire,” akasema, “nguvu yote inatokeaka ku vilebrekeni. Kule nyuma inafikaka imechoka. Siye tutaikamata huku mbele, ikingali mupya.”

Vilebrekeni, kama mafundi wetu wanavyoitamka, ndiyo ule mhimili wa chuma tumboni mwa injini, unaozungushwa na pistoni na kuzungusha kila kitu kingine. Ncha yake ya mbele huwa na puli, na mbele ya puli hiyo, katika trekta la zamani kama letu, kulikuwa na tundu ambamo babu alikuwa akiingiza mkono wa kuzungushia ili kuwasha injini. Ramazani alitaka kupitisha chuma katika tundu lile, akifunge kwenye puli, na upande wa pili akifunge kwenye pampu aliyoing'oa kutoka lori moja lililokufa. Injini ikizunguka, pampu itazunguka. Pampu itasukuma mafuta. Mafuta yatainua remorki. Alivyolieleza lilikuwa jambo rahisi kama kupika chai.

Wiki mbili kiwanja chetu kilinuka chuma kilichochomelewa. Mama alianika nguo kwa majirani. Ili chuma kisivunjike kikitikisika, Ramazani alikata duara la mpira kutoka tairi ya lori akaliweka katikati ya puli na pampu. Papa alilisifu duara lile mbele ya wageni kana kwamba amelizaa.

Siku ya kwanza ya kujaribu, pampu ilizunguka vizuri, ikalia kidogo, kisha ikatema mafuta yote kifuani kwa Papa. Alikuwa amevaa shati la misa ili kuiheshimu siku ile. Ramazani hakushtuka. Aliketi, akafikiri, akasema pampu imezungushwa kinyume. Papa akakataa: injini inazunguka kuelekea kulia, na pampu inataka kulia, imeandikwa mgongoni mwake kwa mshale. Ndipo Ramazani akamsimamisha Papa mbele yake, uso kwa uso, akamwambia azungushe mkono kuelekea kulia kwake, naye akazungusha wa kwake kulia. Mikono yao ikapishana. Wakarudia. Wazee wawili, mmoja ameloa mafuta, wanatazamana machoni katikati ya kiwanja na kuzungusha mikono polepole, mpaka Papa akaelewa kwamba kulia kwa mtu anayekutazama ni kushoto kwako. Mama aliwatazama kutoka mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Alirudi ndani na nikasikia akimwomba Bikira Maria amwangalizie mume.

Ramazani alifungua pampu juu ya gunia, akayageuza meno yake ya ndani, akaifunga upya. Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuweza kugeuzwa, na yote mawili yalikuja kutuangukia. La kwanza, tundu la kuwashia sasa lilikuwa limejaa, na betri ya trekta ilikuwa imeshakufa siku nyingi. Tangu hapo, kuliwasha kulitaka watu wanane wa kusukuma. La pili, pampu ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye vilebrekeni, bila kitu cha kuitenga. Karibu na kiti waliweka kishikio cha mafuta chenye hatua tatu, mbele, katikati na nyuma, na kikiwa katikati mafuta yalizunguka tu, yakitoka kwenye tangi na kurudi kwenye tangi, bila kuinua hata unyoya. Niliisikiliza pampu ikivuma hivyo bure, nikamuuliza fundi.

“Muzee Ramazani, na hii pampu inapumuzikaka saa gani?”

“Ile haipumuzikake. Injini ikiwaka, iko inazunguka. Injini ikilala, nayo inalala.”

Alijibu vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa mimi. Mwaka ule nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, na sista aliyetufundisha alikuwa amefika kwenye amri ya tatu. Alitueleza kwamba Siku ya Bwana hapumziki baba peke yake, bali na mtumishi wake, na ng'ombe wake, na punda wake. Nilikuwa mtoto wa kuchukua mambo kwa uzito. Nilikuwa na daftari la dhambi, la mistari, ambamo niliandika zangu kwa kalamu ya bluu na za ndugu zangu kwa nyekundu. Usiku ule niliandika, kwa bluu, kwamba nyumbani kwetu tuna pampu isiyopumzishwa.

Remorki iliinuka Jumamosi, mkesha wa sikukuu, wakati mimi niko kwenye mafundisho. Nilirudi nikakuta imekwisha shushwa, Papa anapeana mikono na mtaa mzima, Ramazani anakunywa fanta akiwa ameshika kofia magotini, na Mama anafunga majani ya migomba kwenye ubavu wa remorki bila kumtazama mtu. Alikuwa ameshindwa, na naamini alikuwa na furaha, ila hakutaka ionekane. Kwa hiyo sikuwahi kuona kishikio kikifanya kazi. Nilijua tu kwamba katikati maana yake pampu inateseka bure.

Jumapili majirani wanane walisukuma, trekta likawaka, na akina mama ishirini wakapanda na ngoma yao, wamevaa kitenge kimoja cheupe na buluu. Padri alikuja kupanda nao kwa heshima ya sikukuu. Walimpa kiti cha plastiki, wakakiweka nyuma kabisa karibu na mlango wa remorki, ili watu wamwone vizuri. Mimi niliketi kando ya Papa, juu ya bati la gurudumu. Tulipita barabarani tukishangiliwa, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakatupisha, na nilijisikia binti wa mtu mkubwa.

Tulipofika, tukaambiwa tusubiri maandamano ya vigango vingine. Uani kwa kanisa kulikuwa na chungu kubwa ya mchanga wa kujengea ukumbi, na Papa alirudisha remorki nyuma mpaka ikagusa mchanga, ili akina mama wasipate taabu ya kuruka. Hakuzima injini. Angeizima, kwaya ndiyo ingeombwa isukume. Rejeta ilianza kutoa moshi, kwa hiyo alishuka na kidumu cha maji akaenda mbele kulinywesha. Kwaya ikaanza kuimba ikijipasha sauti. Na mimi nikabaki peke yangu na pampu, inavuma, inazunguka, mbele ya kanisa la Mungu, Siku ya Bwana.

Nilikitazama kile kishikio. Kilikuwa katikati, kama robine, yaani bomba la maji, iliyofungwa nusu, na kwetu, ambako maji yalichotwa kwa madumu, kuacha robine nusu lilikuwa kosa la kupigiwa. Papa alikuwa akitufundisha kila siku: kitu ukikifunga, kifunge mpaka mwisho. Basi nikakishika kwa mikono miwili, nikakisukuma mbele mpaka mwisho, na nikakishikilia hapo, maana kilikuwa kinataka kurudi.

Pampu ilinguruma. Nilidhani inavuta pumzi ya mwisho kabla ya kupumzika. Nilikuwa naitazama yenyewe, mbele, nikiihurumia, kwa hiyo yaliyotokea nyuma niliyasikia tu. Nilisikia Mama akianzisha ubeti wa pili. Nilisikia sauti zikipanda, na nilifurahi. Kisha nikasikia mlango wa remorki ukifunguka wenyewe, kama Ramazani alivyoutengeneza, na nyimbo zikaanza kuondoka.

Wa kwanza kwenda alikuwa Padri. Walioona wanasema alikuwa anawapungia watoto mkono, na aliendelea kuwapungia muda wote alipokuwa akiteremka, ameketi wima kwenye kiti chake, mpaka mguu mmoja wa kiti ulipozama mchangani ukavunjika. Nyuma yake walikuja akina mama. Walikuwa wameshikana viuno kwa kuogopa, kwa hiyo walimwagika pamoja, na ngoma ikawapita juu ikaenda zake barabarani. Mama alikuwa mbele kabisa, ndiye wa mwisho kufika. Mpaka leo wenzake wanabishana kama aliimaliza ile noti au la.

Hakuna aliyeumia. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi, nilipogeuka na kuona remorki imesimama hewani tupu, niliamini nimeua kwaya nzima. Papa alikuja mbio. Alikitazama kishikio. Kisha Mama alitokeza juu ya mchanga bila kilemba, akamwita Papa kwa jina lake la ubatizo, lile ambalo halijawahi kuitwa nyumbani kwetu, na watu wote uani wakamgeukia Papa.

“Ni miye,” Papa akasema. “Nilisahau ile kishikio mbele.”

Nilishangaa sana. Nilidhani hakuniona. Halafu nikahesabu kwamba sasa Papa ameamini uongo na kuusema mbele ya Padri, Jumapili, na kwamba kama kuna moto basi tutakuwemo wote: mimi, yeye na pampu.

Mama hakupiga kelele. Jioni alisema tu, huku akikung'uta mchanga kutoka kilemba, “Ile kintu itoke mu parcelle yangu,” yaani kiwanjani mwake, na Papa, ambaye aliwahi kulipigania trekta lile mbele ya wajomba saba, akajibu sawa. Watu wa vyuma chakavu waliitwa waje Alhamisi. Ramazani alikuja Jumatatu, amejikunja kwa aibu, kwa sababu Katindo nzima walikuwa wakimwuliza kama anaweza kuwatengenezea na wao mashine ya kumwaga wakwe. Alikipima kishikio mara kumi. Kilikuwa na springi inayokirudisha katikati, akamwambia Papa, na mtu akisahau hakiwezi kubaki mbele: lazima kiwe kimeshikiliwa. Papa akamwomba aliache jambo hilo. Ramazani alinitazama, akamtazama Papa, akavaa kofia akaenda. Nilimwona mtu mzima akiondoka na aibu yangu, na bado nilinyamaza. Ile ndiyo siku niliyojichukia kwa mara ya kwanza.

Jumatano ilikuwa siku ya maungamo yetu ya kwanza. Nilikwenda na daftari. Padri aliketi upande wa pili wa wavu, nami niliona kwamba ameweka mto chini yake. Nilisoma bluu zote kwa mpangilio: sukari, matusi mawili, kusinzia kwenye rozari. Kisha nikasema nimemwaga kwaya. Nikaongeza, kwa kuwa sista alisema tusifiche kitu, “Na wewe pia, Padri.” Akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka wavu ukatikisika. Aliponiuliza kwa nini, nilimweleza amri ya tatu, na kikohozi kikarudi upya.

Mwisho alipata sauti. Alinipa Salamu Maria tatu, na moja zaidi kwa ajili ya kiti. Halafu akasema kwa upole kwamba yeye, aliyoyasikia pale, hawezi kumwambia mtu yeyote mpaka kufa, hata kama kuna trekta linalochukuliwa bure. “Mimi mdomo wangu umefungwa,” akasema. “Wa kwako, mwanangu, nani ameufunga?”

Nilikimbia mpaka nyumbani. Alhamisi ilikuwa haijafika, lakini watu wa vyuma walikuwa wameshafika, watu wanne na minyororo, kwa sababu watu wale hawajawahi kuchelewa mahali penye chuma. Papa alikuwa amesimama upande wa mbele wa trekta, anafungua kwa mikono lile duara la mpira ili abaki nalo. Nilimwambia yote bila kupumua. Hakuacha kufungua.

“Nilijua, mama,” akasema. Ndivyo alivyozoea kuniita. “Mukono yako ilikuwa ingali pale.”

Nilimwuliza kwa nini basi alisema ni yeye. Alifikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa njia.

“Bamama ba kwaya beko makumi mbili. Weye uko moja. Na trekta ikienda, siye tunabakia.”

Sijui kama nimewahi kupendwa waziwazi namna ile tena. Nililia, na kwa kuwa kulia hakukuwa kunasaidia, nikaingia jikoni kwa Mama. Alikuwa ameinamia beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anawasafisha. Nilisema tena, mara hii polepole, pamoja na ng'ombe na punda na robine. Vidole vyake vilisimama. Aliniuliza jambo moja tu: kama Papa alijua tangu siku ile. Nikasema ndiyo.

Alinawa mikono muda mrefu. Alifunga kilemba vizuri, akatoka, akawapita watu wa minyororo kama hawapo, akapanda kwenye remorki. Alikwenda mpaka mwisho wa mbele akashika ubao kwa mikono yote miwili. Kisha akamwambia Papa arudishe kile kipira mahali pake, awashe, na amwinue yeye peke yake, polepole, kama alivyofundishwa na fundi. Papa alikifungafunga upesi. Majirani waliokuwepo walikuwa wanne tu, kwa hiyo ilibidi watu wa vyuma chakavu waweke minyororo chini na kusukuma. Walisukuma wakilalamika. Trekta likawaka.

Remorki ilipanda na Mama akapanda nayo, taratibu, visigino vimekazwa kwenye ubao, akavuka usawa wa ukuta wetu, akavuka mabati ya jirani. Hakuimba wala hakutazama chini. Kwa kadiri ninavyojua alikuwa hajawahi kusimama mahali pa juu namna ile, na kutoka pale aliona mji wote mpaka Kituku, na mitumbwi, na ziwa ambalo trekta lilivushwa. Sisi wote kiwanjani tulikuwa tumeinua nyuso tukimsubiri aseme.

Papa, na mkono kwenye kishikio, alimwuliza kwa sauti kama amshushe.

“Ngojea kwanza,” Mama akasema.